Fundi wa Gata ya Mwanga

Akikanyaga mlangoni kwako hakukusalimia kwanza. Alitazama juu. Ungenyoosha mkono, ungemtaja Bwana Yesu, ungeuliza habari za safari na za watoto, naye amesimama tu kizingitini, shingo imelala nyuma, macho yanatembea kutoka pembe hii ya dari hadi pembe ile. Akimaliza ndipo alipokumbuka kuwa nyumba ina mwenyewe. Hapo alikupa mkono, akacheka, na wewe uliyekuwa karibu kukasirika ukajikuta unamvutia kiti. Nilimwona akiwafanyia hivyo mapasta, wakubwa wa mashamba ya chai na mwalimu mkuu mmoja aliyeogopwa hata na mbwa wake, na wote walimvutia kiti. Ningefanya hivyo mimi, ningeambiwa sikulelewa.

Alizaliwa wapi hasa na baba yake alikuwa nani, sikuwahi kuuliza. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, hilo ulilisikia akifungua tu mdomo, na alikuwa ameishi kwenye mashamba ya chai miaka mingi kabla sijamjua. Mtu ukimwonea wivu huulizi ukoo wake. Unauliza amepata kazi wapi tena.

Pale Kapsoit, kituo chetu cha biashara, mafundi tulikuwa wengi. Kulikuwa na mafundi wa viatu, wa saa, wa redio, wa nguo, na wa mbao kama mimi. Kila mmoja aliitwa kwa jina lake, au kwa jina la mtoto wake wa kwanza, au kwa kile alichotengeneza. Lakini mtu akisema “Fundi” peke yake, bila kuongeza kitu, kila mtu alijua ni nani. Siku moja mke wangu mwenyewe aliniambia, “Fundi amepita hapa,” na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake na randa mkononi, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi. Nilimuuliza, “Na mimi ni nani?” Akacheka akadhani natania.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu mgeni alikuja, mwenyeji akaugua.

Ni lazima nieleze alichokifanya, kwa sababu bila hicho mtu hawezi kuelewa nilichougua. Kabla yake dari kwetu ilikuwa sofbodi iliyopigiliwa misumari kwenye fito, ubao mwembamba wa kufunika maungio, na balbu moja katikati ikining'inia kwenye waya wake. Hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa, na niliifanya vizuri. Mvua ya mawe ya Kericho ikipiga mabati, chini ya dari yangu watu waliendelea kuzungumza. Yeye alikuja na dari ya kuning'inizwa, fremu nzima imeshikwa na waya kutoka kwenye mbao za paa, imenyooka kama maji ya beseni. Halafu chini yake kidogo, kuzunguka kuta zote za chumba, aliweka mfereji wa mbao uliofunguka upande wa juu. Ndani ya mfereji alilaza tyubu za stima. Ukiwa umekaa hukuziona kabisa. Uliona dari tu, imewaka yote, na mwanga unashuka kwako mpole, haukuchomi macho wala haukupi kivuli.

Watu waliita ule mfereji gata, kwa sababu ulifanana na gata ya kukinga maji ya mvua nje. Mara ya kwanza waliposikia, walicheka. Gata ndani ya nyumba? Kwani mvua itanyesha sebuleni? Kisha wakakaa chini yake jioni moja kwa mwenye duka fulani na hawakucheka tena. Ile ya kwanza kabisa aliitengeneza katika ukumbi mmoja wa wakubwa wa chai upande wa Mogogosiek, na kutoka hapo ikawa kama homa. Walimu walitaka gata. Wakulima waliopata bonasi ya chai walitaka gata. Mzee mmoja ambaye stima ilikuwa bado iko mbali na boma lake alimtaka aje aweke gata kwanza, stima itafuata.

Alikuwa na msemo wake mmoja ambao hata watoto waliujua: “Ukiona taa, kazi imeharibika.” Aliutamka akiwa amenyoosha kidole juu, kama anahubiri. Kuna mwingine aliokuwa akiutumia tukikutana kwenye kazi ambayo mimi niliiomba na yeye akaitiwa: “Chema chajiuza, jirani.” Nusu ya pili ya methali hiyo hakuimaliza. Aliniachia niimalize mwenyewe nikirudi nyumbani.

Na hakunisema vibaya hata siku moja. Angenisema vibaya ningepumua. Ningekuwa na adui wa kawaida, wa kumnunia sokoni. Badala yake aliwaambia watu, “Yule jirani wa Kapsoit ni mtu wa bidii.” Bidii! Bidii ni neno ambalo mwalimu huandika kwa mtoto aliyeshika mkia.

Nilijaribu, sikukaa tu. Mwenye hoteli moja ya nyama hapo kituoni alitaka gata, na kwa kuwa Fundi alikuwa na kazi Litein, nilimwambia hata mimi naiweza. Kwani ni nini? Mfereji, tyubu, choki na stata za kuziwashia, basi. Niliupima vizuri, nikaupaka rangi nyeupe ndani na nje, nikapanga tyubu kichwa kwa mkia, kichwa kwa mkia, kuzunguka chumba. Tulipowasha, dari iliwaka vipandevipande. Kila mahali tyubu mbili zilipokutana kulikuwa na giza, kwa sababu ncha za tyubu haziwaki. Walaji waliinua macho kutoka kwenye sahani zao. Mmoja akasema dari imeng'oka meno, na jina likashika. Watu walipatana kukutana “kwa meno.”

Yeye alikuja kutazama. Bila shaka alikuja. Alisimama mlangoni, shingo nyuma, macho yakapita pengo kwa pengo, taratibu, bila haraka, na mimi nimesimama pale na nyundo yangu. Kisha akanishika bega, akaniita ndugu kwa lugha ya kwao.

“Umejaribu, omera.”

Hakuna neno nililolichukia maishani mwangu kuliko hilo “umejaribu.”

Hakumfundisha mtu. Kabla ya kuanza gata alitundika blanketi kwenye mlango wa chumba, la kijivu lenye mstari mwekundu, na hapo hata mwenye nyumba hakuingia. Ulisikia msumeno na nyimbo za kanisa anazopiga kwa mluzi. Wengine wakasema anaomba humo ndani. Nilisikia hata mzee wa kanisa letu akisema mwanga wa namna ile hauwezi kutoka kwa mtu asiyeomba. Mimi naomba kila siku, na dari yangu iliitwa meno.

Alivaa tai. Hilo nalo lilinikera. Fundi wa mbao, na tai, na viatu vinavyong'aa hadi ukaona mawingu. Akifika kwenye kazi alivua shati na tai, akavikunja juu ya kiti, akaingia nyuma ya blanketi na ovaroli lililochanika magoti. Jioni alitoka na tai yake tena. Lakini siku moja alivua kiatu mbele yangu ili atoe kokoto, na nikaona hana soksi. Kilichokuwa kikionekana juu ya kiatu kilikuwa kipande cha soksi kilichokatwa, kimezunguka kifundo cha mguu kama bangili. Nilifurahi siku hiyo nzima.

Na aliogopa kupanda. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwenye dari aliogopa ngazi. Kupanda alipanda, maana macho yalikuwa juu, lakini kushuka ilikuwa shida. Alifumba macho, akapapasa kila kidato kwa ncha ya mguu, midomo inatetemeka. Nilimwona hivyo kwenye nyumba ya muuguzi mmoja, kabla hajatundika blanketi, mbele ya watu wengi, nikasema leo watamcheka. Mama mmoja akasema kwa upole, “Mnaona? Hata kushuka anashuka na maombi.”

Kwake mwenyewe nilifika mara moja. Aliugua malaria, na watu wa kituo tukatumana kwenda kumjulia hali. Nilikwenda mbio, nikiri, kwa sababu nilitaka kuona dari yake. Nilifikiri fundi kama huyu kwake kutakuwa mbinguni. Alikaa kwenye nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba la chai, chumba kimoja. Niliinua macho. Mabati meupe yaliyogeuka meusi kwa moshi, mbao za paa uchi, buibui. Juu ya meza ilining'inia taa ya mafuta, chimni yake imesafishwa hadi inang'aa.

“Fundi,” nikamwambia, “gata iko wapi?”

Alikuwa amejifunika mablanketi hadi kidevuni. Akacheka kwa kukohoa.

“Hapa kwangu nataka kuona taa na macho yangu. Mwanga ya kujificha nimechoka nayo.”

Wenzangu walikwenda wakilirudia neno hilo njia nzima, kana kwamba ni Zaburi. Ningelisema mimi, wangesema fundi hana hata dari kwake.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kazi za watu ni za watu, na anayepewa leo kesho ananyimwa. Kilichoniingia mfupani ni nyumba ya mama.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na kazi Nakuru, na akaamua kumjengea mama nyumba ya mawe papo hapo bomani Kapsoit, karibu na barabara ambapo stima inapita. Mimi naishi boma hilohilo, hatua chache kutoka mlango wake. Milango nilitengeneza mimi. Madirisha pia. Kuta zilipokauka nikaanza kuchagua fito za dari, na nilizichagua kama mtu anayemchagulia mwanawe mke. Nilikuwa nimeamua kumfanyia mama dari ambayo kila atakayeingia atauliza ni ya nani, naye aseme, “Ni ya mwanangu.” Hicho tu ndicho nilichokitaka. Sikutaka kingine kwa mtu yeyote, wakati ule wala baadaye.

Mama alinikuta nikizipanga zile fito ukutani.

“Hizo za nini?” akauliza kwa lugha yetu.

“Za dari yako.”

“Dari atafanya yule fundi.”

“Yule nani? Na mimi?”

“Wewe ni mtoto wangu.”

“Si ndiyo sababu nifanye?”

“Ndiyo sababu usifanye. Mlango wa jikoni umeshikwa na bawaba moja tangu dada yako aolewe. Fundi wa nje nitamgombeza mpaka amalize. Wewe nitakupikia, utakula, utaenda.”

Nilimweleza kwamba bawaba za saizi ile zilikuwa hazipatikani. Ni kweli, zilikuwa hazipatikani. Hakunisikiliza. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Mimi nilicheza kwetu nikaambiwa nipishe ngoma.

Basi Fundi akaja. Wiki nzima nilimwona akipita mbele ya karakana yangu asubuhi na tai yake, nikamsikia akipiga mluzi ndani ya nyumba ya mama nyuma ya blanketi lake, na mchana nikamwona mama akivuka ua na sahani iliyofunikwa kwa sahani. Kuku wake mwekundu alitoweka katika wiki hiyo. Mama yangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia maziwa tu, tena chenye lafudhi nzito ya kwetu, alianza kujifunza maneno ya kumsifia mtu.

“Funti,” nilimsikia akisema, “hii kasi yako ni musuri. Ni musuri mpaka nashintwa kulala.”

“Asante, mama yangu,” akajibu Fundi. Mama yake!

Ile dari ilikuwa nzuri. Sitasema uongo. Nilipita usiku kuchukua kiberiti ambacho sikukihitaji, nikakaa kwenye kiti cha mama, na sebule nzima ilikuwa na mwanga kama wa saa moja asubuhi siku isiyo na ukungu. Nilitafuta giza kwenye maungio, sikuliona hata moja. Nilirudi kwangu bila kiberiti.

Miezi michache baadaye nilidhani Mungu amenikumbuka. Wakati wa mavuno niliingia kwa mama nikaona dari imebadilika. Imejaa matuta ya kivuli kuzunguka chumba chote. Nilipanda kiti nikachungulia. Mama alikuwa amepanga mahindi ya mbegu ndani ya gata, gunzi kwa gunzi, kutoka mlangoni hadi mlangoni.

Sikumshangaa sana. Katika nyumba za zamani mbegu ilikaa juu ya moto, kwenye dari ya fito, moshi na joto vikawafukuza dumuzi walao nafaka. Nyumba ya mawe haina moto sebuleni. Mama alitafuta mahali pa juu penye joto, akapapata. Kwake ile gata ilikuwa ghala iliyotengenezwa vizuri, na alishangaa kuwa Fundi hakumwonyesha matumizi yake.

Lakini mimi nilijua alivyo. Yule mwalimu mkuu aliyeogopwa alikuwa ameweka vikombe vya michezo vya shule yake ndani ya gata, na Fundi alipokuja kumsalimu aliviteremsha kimoja kimoja akamwekea mapajani. “Hapa ni njia ya mwanga, mwalimu, si kabati,” alimwambia, mbele ya bodi nzima ya wazazi. Nikasema, sasa na amwone mama. Amfokee kidogo tu, na mama ataona tofauti ya mgeni na mtoto. Nilikwenda kumwita mimi mwenyewe.

Alifika, akasimama kizingitini, akatazama juu. Alitazama muda mrefu kuliko kawaida yake.

“Mama, hiyo ni mahindi?”

“Ni mpeku, funti.”

“Mbegu! Na inakauka?”

“Inakauka musuri. Hakuna tutu.”

Alifungua tai. Nikajua sasa ndipo. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na mama naye akacheka, wakacheka wote wawili kama watu waliokua pamoja, na mimi nimesimama katikati yao. Kisha akaomba ngazi. Alitandika wavu wa waya juu ya tyubu ili magunzi yasiguse moto, akayarudisha mahindi yote mahali pake, tena kwa mpangilio bora. Matuta ya kivuli aliyaacha palepale.

“Hii ndiyo dari moja tu Kericho mzima iko na kazi mbili,” aliniambia akishuka macho yamefumbwa.

Alikwenda akiisimulia hadi Bomet. Watu walikuja kuiona. Mama aliwakaribisha, akawaonyesha mahindi, akawaambia Fundi ndiye aliyejua nyumba yake inataka nini. Nami niliagizwa kuleta viti.

Siku moja tyubu ya pembeni ilikufa. Mama alikuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani, akawa ameacha neno kwamba nimwite Fundi. Sikumwita. Niliweka ngazi, nikapanda, na kwa mara ya kwanza nikaangalia ndani ya gata yake jinsi ilivyo, chini ya mahindi na wavu. Ndani kulikuwa na kazi mbovu. Misumari imepinda na kulazwa kwa nyundo, mbao zimekatwa bila kupigwa randa, plaiwudi ya masanduku ya zamani ya kusafirishia chai bado ina alama zake za wino. Nilitaka kumwita kila mtu Kapsoit aje aone.

Halafu nikaona yaliyobaki. Alikuwa amebandua ile karatasi ya fedha inayowekwa ndani ya masanduku ya chai, akaibandika kwenye mfereji wote ili itupe mwanga juu. Na tyubu hazikupangwa kichwa kwa mkia. Kila moja ilianza kabla mwenzake haijaisha, zimepishana kama vigae, ndiyo maana hakukuwa na giza. Ni hayo tu. Hakukuwa na maombi wala siri ya ziwa. Nilishuka nikaketi kwenye kidato cha mwisho cha ngazi, na nilidhani wivu utanitoka kama homa inavyotoka kwa jasho.

Haukutoka. Nilipata kazi Chebunyo, kwa mfanyabiashara wa ng'ombe aliyejenga nyumba kubwa. Nilitafuta karatasi ya fedha, nikapishanisha tyubu, na kwa kuwa najua randa, nikalainisha hata ndani pasipoonekana na mtu. Dari iliwaka yote, haina jino lililong'oka. Mwenye nyumba aliita majirani. Mzee mmoja akaingia, akaiangalia, akatikisa kichwa kwa furaha.

“Kumbe Fundi amefika mpaka huku kwetu!”

“Ni mimi nimetengeneza, mzee,” nikasema.

“Ndiyo, ndiyo,” akanijibu, kama mtu anavyomjibu mtoto. “Yeye anakaa wapi siku hizi?”

Mara ya mwisho kuwa karibu na Fundi ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini. Mama alikuwa ameanza kuumwa miguu na kushinda kitandani. Chumba chake cha kulala hakikuwa na dari ya maana, ila balbu iliyokuwa ikimpiga machoni akilala chali. Nilimwambia nitamwekea gata. Nilikuwa nimekwisha kununua mbao. Nilijua sasa naweza, na nilijua hakuna fundi mwingine wa gata karibu, kwa kuwa Fundi alikuwa ameacha kazi na watu walisema yuko karibu kurudi kwao.

“Mwite,” mama akasema.

“Amezeeka.”

“Na mimi nimezeeka. Mwite.”

Alikuja na fimbo. Tai ilikuwepo. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha mama, akatazama juu, na kichwa kiliporudi chini alipepesuka nikamshika mkono. Mama alihamia sebuleni chini ya mahindi yake. Blanketi la kijivu likatundikwa, na tukabaki wawili ndani.

“Omera,” akaninong'oneza, “ngazi imenishinda. Magoti imekufa. Panda wewe. Mimi nitashika.”

“Mama anajua?”

“Mama anataka taa.”

Nikapanda. Kazi yote ile niliifanya mimi, tangu waya wa kwanza hadi tyubu ya mwisho. Alishika ngazi kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye fimbo, na mara nyingine alisinzia akiwa amesimama. Hakunielekeza kitu. Aliuliza mara moja tu kama nimepishanisha, na nilipomwambia ndiyo hakuniuliza nilijifunzia wapi. Alipiga mluzi ule wake, na najua kwamba sebuleni mama aliusikia. Jioni ya kila siku nilimsikia mama akimpa pole ya kazi, na mimi akiniambia nisimchoshe mzee, nimpe vifaa haraka.

Siku ya kumaliza kazi, mvua ilikuwa inanyesha na chumba kimeingia giza mchana. Nilikuwa juu ya ngazi, koleo mdomoni, nikikaza waya wa mwisho. Nikamwambia Fundi awashe. Akabonyeza swichi.

Ilikuwa nzuri kuliko ile ya sebuleni. Nasema hivyo hata leo. Mwanga ulipanda kutoka pande zote nne ukakutana katikati ya dari bila kuacha doa, na kitanda cha mama kikawa kama kimewekwa nje asubuhi. Fundi mwenyewe alifungua mdomo kidogo. Aliniangalia, nami nikamwangalia.

Mama akalisogeza blanketi akaingia, anashika ukuta. Alikaa kitandani, akajilaza chali polepole, akatazama juu. Tuliisikia mvua kwa mbali. Machozi yakamtoka yakaingia masikioni. Ningeweza kumgusa kwa kunyoosha mkono.

“Funti,” akasema. Hakusema kwa lugha yetu. “Asante. Hii imeshinta ile ya sepuleni. Kasi ya mutu inachulikana. Nimeinkia tu nikachua hii ni mukono yako.”

Nilingoja. Sikutoa koleo mdomoni, kwa sababu nilitaka neno la kweli litoke kwa Fundi, na ilikuwa haki litoke kwake. Fundi aliinua macho yake hadi kwangu. Yalikuwa mekundu kwa uzee, na yalikaa kwangu kwa muda wa mtu kuvuta pumzi moja. Kisha akayashusha kwa mama.

“Ni Mungu, mama yangu,” akasema.

Akaiachia ngazi, akaegemeza fimbo yake kitandani, akaupokea mkono wa mama kwa mikono yake yote miwili. Mama alimshika akawa hamwachii. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa katika mwanga ule, na mimi nilikuwa nimeukodolea macho kutoka juu, nikiona kila mkunjo, kwa kuwa hapakuwa na kivuli.

Ndipo akakumbuka kuwa nipo.

“Weri,” aliniita kwa lugha yetu, yaani mvulana, kama alivyoniita nilipokuwa mtoto, bila kuondoa macho kwenye dari. “Shuka umletee fundi maziwa.”

Nikatoa koleo mdomoni. Ngazi ilikuwa inacheza na hapakuwa na mtu wa kuishika. Nilishuka kidato kwa kidato, nikaenda jikoni, nikamletea.